Gereji ya Msomaji: Nguvu, petroli na pikapu ya 1951

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kigoma, sasa naishi Dayton, Ohio. Nina pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1951 niliyoinunua kwa mzee mmoja ambaye alikwisha kuigeuza hotirodi, yaani gari la zamani lililoongezwa nguvu. Ndani ina V8 ya inchi za ujazo 350 ya miaka ya sabini, kompresheni 8.5, kabureta ya Holley 750 yenye pampu mbili, kemshafti kubwa (karatasi yake imeandikwa nyuzi 240 kwa kipimo cha inchi 0.050), gia boksi ya otomatiki TH350 na difu ya 4.11. Tairi za nyuma ni inchi 28. Distributa haina kile kikopo cha vakyumu. Mlio wake mtaa mzima unaujua. Ila inanipa maili 8 tu kwa galoni, na kila wikiendi naenda Columbus kwa ndugu, maili 70 kwenda tu. Mke wangu anasema hili gari linakula kuliko watoto wetu watatu. Baridi ikiingia nataka kuifungua injini. Naweza kupata maili 15 bila kuiua nguvu? Nianze na kipi?*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mkwe wangu malalamiko yake nimeyapokea na ana haki. Kwenda Columbus na kurudi unachoma galoni 17 na ushei. Hiyo ni bajeti ya nyumba.

Nimeipitia orodha yako na hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Kabureta ile ina kazi yake, kemshafti ile ina wateja wake, difu ya 4.11 vilevile. Shida ni kwamba mzee aliyevinunua alikuwa anaota gari la kukimbia robo maili, halafu akavifunga kwenye injini ya pikapu ya kazini yenye kompresheni 8.5, yaani inabana mchanganyiko mara 8.5 tu. Ndiyo maana huna gari la mashindano wala huna gari la safari. Naamini hata ukikanyaga pedali kutoka kwenye taa, mwanzoni linasita, linapata uhai mizunguko ikishapita elfu tatu. Kama nimekosea niandikie, ila sidhani.

Watu huniambia, fundi, chagua moja, nguvu au mafuta. Huwa siwakubalii, na sababu yangu ni hesabu. Pikapu yako ikienda maili 65 kwa saa pale barabara kuu ya I-70, na ile pua pana na kioo kilichosimama wima, inahitaji kama nguvu za farasi 40 kuusukuma upepo na kuzungusha magurudumu. Arobaini! Ford V8 ya mwaka 1932, iliyowapa vijana wa California kitu cha kuchezea, ilitoka kiwandani na farasi 65. Injini yako ina mia mbili na kitu. Maana yake safari nzima unatumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, kilango cha hewa kwenye kabureta kimefunguka upana wa ukucha. Petroli yako inaliwa hapo, kilango kikiwa karibu kimefungwa. Nguvu inatoka unapokanyaga mpaka chini. Hizo ni hali mbili tofauti za injini moja, kila moja ina jeti zake (matundu ya petroli) na taimingi yake (wakati wa cheche), na ukiirekebisha moja hulazimiki kuiharibu nyingine. Kinachoziharibu zote mbili kwa pamoja ni vifaa vikubwa kupita mahitaji.

Kwa hiyo sianzi na injini. Naanza na gia boksi, najua hukutaka kulisikia hilo.

TH350 ni gia boksi imara, nimezifungua nyingi na naziheshimu. Ila gia yake ya tatu ni moja kwa moja. Kwa difu ya 4.11 (shafti inazunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja) na tairi za inchi 28, maili 65 ni mizunguko 3,200 kwa dakika. Injini inapiga kelele mwendo mzima wa saa nzima kwa kazi ya farasi 40. Sasa tafuta 700R4, ambayo GM walianza kuitoa 1982. Gia yake ya kwanza ni 3.06, ya kwako ni 2.52. Ya nne ni 0.70. Chukua karatasi tuzidishe. Leo ukiondoka kwenye taa una 2.52 mara 4.11, sawa na 10.36. Ukifunga 700R4 na ukashusha difu hadi 3.42, una 3.06 mara 3.42, sawa na 10.47. Unaondoka kama zamani, tena kwa nafuu kidogo. Ukifika I-70 ukaingia gia ya nne, maili 65 zilezile zinakuja kwa mizunguko kama 1,870. Umeondoa mizunguko 1,300 ya kila dakika na hujagusa hata plagi.

Angalizo moja kabla hujatoa pesa. 700R4 ina kebo inayotoka kwenye mkono wa kabureta kuingia ndani ya gia boksi. Huku wanaiita kebo ya TV, yaani throttle valve, si televisheni. Kijana asiyejua huifunga kama kebo ya kubadilishia gia, ikikaza kidogo au ikilegea anaona sawa tu. Kebo hiyo ndiyo inayopanga presha ya oili ndani. Ikilegea, klachi za ndani zinateleza, zinaungua, na hutamaliza hata oili ya kwanza. Nunua kibano kinacholingana na kabureta utakayotumia, ukanyage pedali mpaka chini mtu mwingine akiwa anaangalia, na kebo iwe imevutika yote kilango kikiwa wazi chote. Pia hakikisha torki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) ni ile inayojifunga kwenye mwendo, na waya wake umeunganishwa. Isipojifunga, inateleza na kupika oili, na sehemu ya akiba yako inaishia kwenye joto.

Sasa gia boksi ikishakaa, ndiyo inayokuchagulia kemshafti. Ile ya nyuzi 240 haiwezi kuvuta kwa mizunguko 1,870; itarukaruka kama ina kwikwi. Sababu yake ni hii. Kemshafti ndefu, yaani inayoziacha valvu wazi kwa nyuzi nyingi, huchelewa kuifunga valvu ya kuingiza. Pistoni inakuwa imeshaanza kupanda huku mlango bado uko wazi, na mchanganyiko uliokwisha kuingia unarudishwa kwenye manifoldi. Mizunguko ikiwa mingi hewa ina kasi yake na inaendelea kuingia, hivyo hasara haionekani. Mizunguko ikiwa michache unabana sehemu tu ya ulichovuta. Na wewe kompresheni yako ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Tafuta ya nyuzi 205 mpaka 215 kwa kipimo hichohicho cha 0.050 (nyuzi zinazohesabiwa tapeti ikiwa imenyanyuka inchi hizo). Nasisitiza kipimo, kwa sababu kila karatasi ya kemshafti ina namba mbili, na ile ya matangazo huwa kubwa zaidi. Wengi wamenunua kitu kingine kwa kusoma mstari usio wenyewe. Itavuta kuanzia 1,500 na itaendelea mpaka karibu 5,000. Ile ngoma inayopigwa ukisimama kwenye taa itapungua. Sikufichi, hicho ndicho utakachokikosa. Majirani watazoea.

Silinda hedi ndizo zitakazokurudishia nguvu. Za kwako, kama ni za pikapu ya miaka ya sabini, chemba yake, nafasi ya mwako, huwa ya sentimita za ujazo 76. Silinda moja ya 350 ina karibu 716. Ukiweka hedi zenye chemba ya 64, kompresheni inapanda kutoka 8.5 hadi kama 9.5 bila kubadilisha pistoni. Na hedi za 64 zilizo nzuri na za bei ya kibinadamu ni zile za Vortec zilizotoka kwenye pikapu za Chevrolet na GMC za 1996 mpaka 2000 zenye injini ya lita 5.7. Fungua kifuniko cha valvu usome namba iliyochorwa kwenye chuma. Tarakimu tatu za mwisho ni 906 au 062. Njia zake za hewa zimechongwa vizuri kuliko nyingi zilizouzwa kwa sifa, na mwako wake ni wa haraka, hivyo zinataka taimingi ndogo. Mwako wa haraka ni nguvu na ni akiba ya mafuta kwa wakati mmoja.

Ukiwa yadi ya magari chakavu usichukue hedi kwa kuiangalia tu. Nyingi zimechemka. Safisha sehemu ya kiti cha valvu ya kutolea moshi, ukipitisha kidole na taa ya pembeni, utaona ufa mwembamba kama unywele ukianzia kwenye kiti. Ukiuona, iache hapohapo hata kama muuzaji anakupa bure. Jua pia kwamba zinataka manifoldi yake, yenye boliti nane. Manifoldi yako ya sasa yenye boliti kumi na mbili haitafungika. Na valvu zisinyanyuke kupita inchi 0.460 bila hedi kufanyiwa kazi, kwa hiyo soma hiyo namba nayo kwenye karatasi ya kemshafti. Kama una bahati ya kukuta injini nzima ya namna hiyo, chukua nzima. Ina roli kwenye tapeti, na hilo peke yake linakuondolea hofu ya kusaga kemshafti mpya kwenye dakika ishirini za kwanza.

Kwenye gasketi, usinunue yoyote iliyo karibu. Pistoni ya 350 ikiwa juu kabisa hubaki chini ya uso wa bloku kama milimita 0.6. Ukiweka gasketi nene ya milimita moja, kati ya pistoni na hedi una 1.6, na mchanganyiko unalala pembeni bila kuungua vizuri, halafu injini inagonga. Gasketi ya bati ya milimita 0.4 inakuletea milimita moja kamili. Hapo petroli ya kawaida ya oktani 87 inaweza kukutosha. Ukisikia kugonga ukiwa umepanda mlima na mzigo, weka 89. Mashine ya kusawazisha uso wa bloku ipite kwanza, maana gasketi ya bati haisamehe uso ulioliwa.

Kabureta. Fundi mmoja alinitukana kwa hili, ila hesabu hainitukani. Chukua inchi za ujazo 350, zidisha na mizunguko 5,500, gawanya kwa 3,456. Unapata futi za ujazo 557 kwa dakika kama injini ingejaa kabisa. Haijai, ya mtaani inajaa kama asilimia 85, yaani 475. Ya 600 inakutosha na inabaki. Ile 750 ya pampu mbili ilitengenezwa kwa gari jepesi, la gia za mkono, linaloishi juu ya elfu nne. Kwako hewa inapita polepole kwenye koo pana, petroli inadondoka badala ya kuwa ukungu, na kila ukigusa pedali pampu ya pili nayo inamwaga. Kuna jambo jingine watu hawaliangalii. Ndani ya Holley mna valvu ndogo ya kuongeza petroli, na ya kawaida imeandikwa 6.5. Hiyo ni namba ya vakyumu, kwa inchi za zebaki. Ikishuka chini yake, valvu inafunguka. Kemshafti yako kubwa, ukiwa umesimama kwenye taa na gia imeingia, inaweza kuwa inakupa vakyumu ya 7 tu. Uko kwenye ukingo. Injini ikitetemeka kidogo unamwaga petroli ukiwa umesimama.

Mimi binafsi ningekufungia kabureta ya Quadrajet. Najua sifa yake mbaya mtaani, ila wengi wanaoisema hawajui kuifunga. Milango yake miwili ya mbele ni milimita 35 tu, na safari nzima ya Columbus unaiendesha kwa hiyo midogo. Ukikanyaga, inafunguka miwili ya nyuma ya milimita 57. Hakuna kabureta iliyojibu swali lako kwa ufupi zaidi ya hiyo. Hakikisha tu manifoldi ya Vortec unayonunua imetobolewa kwa ajili yake.

Nimeuacha moto, yaani cheche, mwishoni, lakini ndio utakaoanza nao, hata Jumamosi hii kabla hujafungua chochote. Nunua distributa ya GM yenye kikopo cha vakyumu, ile pana ya HEI iliyokuwa kwenye magari ya 1975. Kwenye mwendo wa taratibu mchanganyiko ndani ya silinda ni mwembamba na unaungua polepole, kwa hiyo cheche lazima iwahi. Kwa hedi zako za sasa, weka nyuzi 36 za jumla bila vakyumu, bomba lake umeliziba. Kisha rudisha bomba, kikopo kiongeze nyuzi 12 hivi, ufike 48 ukiwa kwenye mwendo. Ukikanyaga, vakyumu inatoweka, taimingi inarudi 36 yenyewe, injini haiumii. (Ukishafunga Vortec, hiyo 36 ishushe hadi 32 hivi.) Waliokiondoa kikopo walifuata magari ya mashindano, ambayo hayana mwendo wa taratibu kabisa. Bomba lichukue vakyumu juu ya kilango au chini yake? Mafundi watagombana mpaka chai ipoe. Funga mojawapo, endesha, halafu jaribu nyingine.

Funga na geji ya vakyumu mahali unapoiona ukiendesha. Kwa injini niliyokueleza, maili 65 kwenye tambarare sindano ikae kati ya 15 na 18. Ikishuka chini ya 10 ujue mguu wako ndio unaokula. Na fundi wa ekzosi akuchomelee tundu la kihisi cha oksijeni. Kwenye mwendo mchanganyiko usome kati ya 14.5 na 15.5 (sehemu za hewa kwa moja ya petroli), ukikanyaga wote usome 12.5 hivi. Usisome na kuandika huku unaendesha. Mkwe akae kando na daftari, ataona mwenyewe petroli inakwenda wapi.

Kwa mpangilio huo, maili 15 mpaka 17 kwa galoni zinapatikana kwenye pikapu ya umbo hilo. Zaidi ya hapo upepo unakukatalia. Ukiweza kwenda 60 badala ya 65 utaona tofauti kuliko kifaa chochote ninachoweza kukuuzia.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia uing'oe 350 uweke injini ya lita 5.3 ya pikapu ya Silverado yenye sindano za petroli. Kama shida yako ni mafuta peke yake, fanya hivyo na tufunge mjadala: ina farasi 270 au zaidi kutoka kiwandani na kompyuta inapanga kila kitu nilichokueleza hapa. Itataka pampu ya presha kwenye tanki, nyaya zake, na subira. Ila wewe umeniandikia kuhusu kabureta na mlio, nikaona hiyo 350 unaipenda.

*Fundi, niko Minneapolis. Nina Ford ya 1932 yenye V8 ya kisasa na kabureta. Vituo vingi hapa vinauza E85 kwa bei ya chini kuliko petroli. Nikihamia huko nitaokoa pesa?*

Ndugu yangu, piga hesabu ya maili kabla ya hesabu ya galoni. Ethanoli, ile pombe iliyojaa ndani ya E85, ina nishati ndogo kuliko petroli, kwa hiyo utahitaji kama robo hadi theluthi zaidi kwa safari ileile. Bei ya E85 isipokuwa chini kwa kiasi hicho, huokoi kitu. Inapendeza kwa mwenye kompresheni ya 12 na kwenda juu, maana haigongi kirahisi na inapoza silinda. Kwa injini ya 9.5 unalipia sifa usiyoitumia. Kabureta yako itataka jeti na njia kubwa zaidi, kuibadilisha mafuta tu bila hayo ni kuifanya injini iende na njaa. Mipira ya zamani nayo haiipendi. Na kwa kuwa huko kwenu gari kama hilo hulala miezi ya theluji, usiiache E85 kwenye kabureta ya aluminiamu. Ikivuta unyevu utakuta unga mweupe kwenye jeti mwezi wa nne. Imalizie barabarani, weka petroli, ndipo uifunike.

*Habari fundi. Kuna jamaa anauza sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli, anasema zinaokoa asilimia 20 na kuongeza nguvu. Nifunge kwenye Chevrolet Nova yangu?*

Usifunge. EPA, idara ya mazingira ya Marekani, imevichunguza vifaa vya kuokoa petroli zaidi ya mia moja kwa miaka mingi na haikupata hata kimoja kinachobadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Hiyo pesa nunua geji ya upepo wa tairi. Kisha nyanyua Nova kwenye jeki, gurudumu moja moja, ulizungushe kwa mkono. Nimeona magari mengi yakitukanwa kwa kula mafuta kumbe breki ya dramu moja inashika na haijarekebishwa tangu ilipofungwa. Likigoma kuzunguka, legeza adjasta meno mawili matatu, uzungushe tena.